Tippu Tip: alifuata pembe za tembo, Maniema ikabaki na mupunga

Mu Kindu, ndoa isiyokuwa na wali ni ndoa ya kusemwa. Ni vilevile kwenye kilio, kwenye Idi na kwenye Noeli. Muchele unaingia mujini mu magunia juu ya baiskeli, mu mitumbwi ya Lualaba, na siku gari la moshi linapofika, mu mabehewa. Kasongo, Kibombo, Kailo, Pangi, Punia, Kabambare, Lubutu: mu teritware zote za jimbo mupunga unajulikana. Mutoto aliyezaliwa hapa anaweza kufikiri kwamba mupunga uko hapa tangu dunia ilipoumbwa.

Haikuwa hivyo. Miaka 200 iliyopita, wakaaji wa kando ya Lualaba waliishi kwa ndizi, mihogo, mawese, samaki na nyama ya pori. Mupunga ulitoka pwani ya Bahari ya Hindi, juu ya vichwa vya wapagazi, safari ya kilometre zaidi ya 1,500 kwa miguu. Kati ya watu walioongoza misafara ile, jina moja limebaki mu vinywa vya watu mupaka leo: Tippu Tip. Wengine wanalitaja kwa heshima, wengine kwa uchungu. Pande zote mbili ziko na sababu.

Mutoto wa kisiwa cha karafuu

Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Ukoo wa baba yake ulitoka Omani, lakini damu ya Afrika ilikuwa imeingia ndani ya ukoo ule zamani, na sura yake ilionyesha vile. Wazungu waliokutana naye baadaye waliandika juu ya mutu murefu, mweusi, mwenye ndevu na adabu nyingi, mwenye nguo safi kabisa hata katikati ya pori.

Zanzibar ya utoto wake ilikuwa kisiwa kinachogeuka. Sultani Seyyid Said alikuwa amehamisha makao yake kutoka Muscat, na matajiri walikuwa wanakata miti ya zamani ili wapande mikarafuu. Mukarafuu haukuwa muti wa pale. Ulitoka visiwa vya Maluku, mbali kule Asia, ukapitia visiwa vya Wafaransa mu Bahari ya Hindi. Kule Omani usingeweza, juu ya jua na ukavu. Zanzibar ulikuta joto bila ukali, mvua na udongo unaoupenda, na kwa miaka michache tu kisiwa kikawa kinauzia dunia karafuu. Kazi ya kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Kwa hiyo Hamed alikua akiona mambo mawili pamoja: mbegu ya ugenini ikipata udongo wake inaweza kutajirisha watu, na wanaotajirika si wale wanaoshika jembe.

Akiwa na miaka 12 alianza kusafiri na ndugu zake, safari fupi za kutafuta sandarusi. Karibu na miaka 18 baba yake akamuchukua mupaka Unyanyembe, pale Tabora ya leo mu Tanzania. Baba alikuwa mufanyabiashara mukubwa pale, na alikuwa amemuoa Karunde, binti wa mutemi. Ndoa ile ilimufungulia njia nyingi kuliko bunduki, na kijana hakusahau.

Tabora iko juu, karibu metre 1,200. Wakati wa kiangazi usiku ni baridi. Waarabu wa pale waliijua nchi yao: mvua ikinyesha walipanda mupunga, mvua ikiisha na baridi ikiingia walipanda ngano, wakiinywesha maji kwa mikono ya watumwa. Kila mbegu na wakati wake. Mupunga ulitaka maji na joto, ngano ilitaka usiku wa baridi. Maneno haya yanaonekana madogo, lakini njo yanaeleza kwa nini sisi wa Maniema tunakula wali, na mukate wa ngano ya shambani kwetu hatuujui. Kindu iko karibu metre 500 tu juu ya bahari. Usiku wetu hauna baridi ya kuipendeza ngano.

Bunduki, na ndugu wa uongo

Hamed hakukaa chini ya baba yake muda murefu. Alikopa mali kwa Wahindi wa Zanzibar, akachukua wapagazi, akaenda upande wa kusini wa Tanganyika. Mu mwaka 1867 alipigana na Nsama, chifu wa Itabwa, ambaye wafanyabiashara wote walimuogopa. Nsama alikuwa na watu wengi lakini bunduki zilikuwa kwa Hamed. Vita vilikwisha haraka na pembe nyingi zilichukuliwa. Kutoka pale, yeye mwenyewe alieleza, watu walimupa jina Tippu Tip kwa kuiga mulio wa bunduki zake. Wengine wanasema jina lilitoka kwenye macho yake, yaliyokuwa yanapepesa bila kuacha. Mwaka ule ule alikutana na David Livingstone, muzungu aliyekuwa anatafuta chanzo cha Nile, akamusaidia.

Miaka michache kiisha, alipofika upande wa Lomami, alifanya jambo lingine kabisa. Kule Utetera kulikuwa chifu muzee, Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa amepata habari kwamba dada wa muzee yule walitekwa zamani mu vita na kupelekwa mbali. Akajitokeza kama mujukuu wa mumoja wao. Alieleza ukoo, majina na njia waliyopitia, mambo yote yakakaa sawa. Muzee akaamini, au akaona ni afazali kuamini. Hakuwa na murizi mwenye nguvu, na huyu mugeni alikuwa na bunduki na nguo. Akamuachia uchifu. Kutoka siku ile pembe za nchi ile zilikuja zenyewe mupaka mulangoni pa Tippu Tip. Wazee wa Maniema wanaosimulia habari hii wanacheka, lakini si kicheko cha furaha tupu.

Karibu mwaka 1875 alifika Kasongo na kukaa. Pale palikuwa tayari na ndugu zake wafanyabiashara, pamoja na Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige. Walimukubali kama mukubwa wao.

Hakuwa wa kwanza kufika Maniema, na ni vizuri kusema hivyo wazi. Nyangwe, kando ya Lualaba, ilikuwa kituo cha Waarabu na Waswahili tangu miaka ya 1860. Muji ule ulikuwa na sehemu mbili, ya Dugumbi na ya Abed bin Salim, na kati yao palikuwa bonde la maji lililofaa mupunga. Kwa hiyo mbegu ilikuwa imeingia mbele yake. Na soko la Nyangwe, ambako wanamuke wa vijiji vyote vya karibu walileta samaki, vyungu, mawese na kuku, lilikuwa limekwisha kuona damu: tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbi walipiga bunduki juu ya wanamuke wale, mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine mu maji wakijaribu kuvuka. Livingstone aliona kwa macho yake, na habari ile ilifika mupaka Uingereza. Tippu Tip hakuwa pale siku ile. Lakini muji aliokuja kuutawala ulisimama juu ya biashara ile ile.

Mashamba ya Kasongo

Wengi wanapomukumbuka wanakumbuka pembe na minyororo. Ni sawa. Lakini musafara wa pembe ni watu, na watu wanakula. Musafara mukubwa ulikuwa na wapagazi mamia, hata maelfu, wakitembea miezi mingi. Pembe haichemki mu chungu. Mutu aliyetaka kununua pembe mbali na pwani, kuziweka, kulisha askari wake na kisha kuzipeleka Zanzibar, alihitaji kwanza chakula kinachoweza kukaa.

Hapo njo mupunga ulishinda. Ndizi inaoza. Muhogo mubichi haukai siku nyingi kiisha kung’olewa, na ule muchungu unataka kulowekwa vizuri la sivyo unaua. Mupunga ukikauka vizuri unaingia mu ghala na unakaa mwaka. Ni mwepesi kugawa kwa kipimo, unabebwa bila kuharibika, na mabaki ya ghala ni mbegu ya musimu unaofuata. Mu Maniema haukuhitaji hata bonde: pori likikatwa na kuchomwa, mupunga unapandwa juu ya nchi kavu, mvua inafanya kazi yote. Ukipandwa mvua inaporudi, mwezi wa tisa, unavunwa mwishoni mwa mwaka ao mwanzoni mwa ule unaofuata. Mwaka wa pili pale pale unaingia muhogo. Mulimaji wa leo mu Kailo ao Pangi anajua mupango huu bila kufundishwa.

Si mupunga peke yake. Kuzunguka Kasongo kulipandwa michungwa, mitamu na michungu, mipera, miembe, mikomamanga, mananasi na kahawa. Baazi ya miti hii ilitoka mbali, Asia na Amerika, ikakaa kwanza Zanzibar, kisha ikapanda na misafara. Ile iliyotaka joto na mvua ilizaa.

Sasa, nani alilima? Si Tippu Tip. Walilima watu waliotekwa mu vita vya Lomami na Lualaba, na zaidi wanamuke. Walikata pori, walipanda, walifukuza ndege, walivuna, walitwanga. Wengine waliuzwa mbali kiisha mavuno, pamoja na pembe. Wengine walibaki, wakazaa, wakachukua dini na luga ya mabwana, wakaitwa Wangwana, na kiswahili chao, Kingwana, njo baba wa kiswahili tunachosema leo mu Kindu na mu Kisangani. Wamoja walipewa bunduki na kuwa wakubwa wenyewe. Ngongo Lutete, aliyeogopwa mupaka Lomami yote, alikuwa mutumwa mu utoto wake.

Kwa hiyo mutu akisema Tippu Tip alileta mupunga, ni nusu ya habari. Misafara ilileta mbegu. Wale waliojifunza udongo gani wa pori unafaa, mvua gani ni ya kupandia na suke gani ni la kuweka kwa mwaka ujao, walikuwa watu wa Maniema wenyewe, na wengi wao hawakuwa na ruhusa ya kuondoka mu shamba. Majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Na Stanley mupaka Maporomoko

Mu Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika kwake akitaka kufuata Lualaba mupaka mwisho. Hakuna mufanyabiashara aliyetaka kuingia mu pori lile la kaskazini. Walipatana kwa dola 5,000, Tippu Tip amusindikize kambi 60. Waliondoka Nyangwe mu Novemba, wakapita pori zito, ndui na njaa, na mwishoni mwa Desemba Tippu Tip akarudi. Stanley aliendelea na kuonyesha dunia kwamba Lualaba ni Kongo. Kutoka pale njia ilikuwa wazi kwa wote wawili: Tippu Tip alipeleka watu wake chini ya muto, na wazungu walianza kupanda kutoka baharini.

Mu mwaka 1882 alifika Zanzibar na pembe nyingi sana, akakutana na Sultani Barghash, kisha akarudi haraka. Watu wake walikuwa wameenea mupaka Maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Lakini kule Ulaya wakubwa walikuwa wamekwisha kugawana ramani. Mu mwaka 1885 Mufalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijiita mwenye Kongo yote, pamoja na Kasongo, Nyangwe na mashamba yao.

Mu Februari 1887 Stanley alimukuta tena Zanzibar na kumupa kazi ya kushangaza: awe gavana wa Leopold kule Maporomoko, kwa mushahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mutu aliyekuwa na nchi nzima akakubali kuwa mufanyakazi. Pengine aliona hana nguvu ya kupigana na Ulaya, pengine alitaka kupata wakati. Walipanda meli pamoja, wakazunguka kusini ya Afrika, wakaingia Kongo kwa mulango wa bahari.

Stanley alikuwa anaenda kumutafuta Emin Pasha, na Tippu Tip alipaswa kutoa wapagazi 600. Walichelewa, na walipofika hawakutimia. Wakati ule kundi la nyuma la Stanley lilibaki Yambuya, kando ya Aruwimi, likingoja. Chakula chao kilikuwa muhogo. Hawakuutengeneza vizuri, na ugonjwa na njaa viliua sehemu kubwa ya wale watu, wengi wao Wazanzibari. Bwana Barttelot, aliyewaongoza, aliuawa kwa bunduki mu Julai 1888. Wazungu walitupa kosa juu ya Tippu Tip, yeye akasema alitimiza alichoweza. Kuko wanaobishana juu ya jambo hili mupaka leo. Wale waliozikwa Yambuya walikufa kando ya shamba la muhogo, na hapo njo mutu anaelewa ghala la mupunga wa Kasongo lilikuwa na bei gani.

Siku Kasongo ilipoanguka

Mu mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Maniema, akashuka Zanzibar. Stanley alikuwa amemushitaki kule, kesi ambayo haikufika mbali. Hakurudi tena. Kasongo alimuachia mutoto wake Sefu.

Vita vilianza mu 1892. Ngongo Lutete aligeuka, akaenda upande wa Serikali ya Leopold, na vita vikawa vya Waafrika dhidi ya Waafrika, huku na huku wakubwa wageni. Francis Dhanis aliongoza jeshi la Serikali. Nyangwe ilichukuliwa tarehe 4 Machi 1893. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili.

Askari walioingia Kasongo siku ile walikuta muji mukubwa wenye mali. Kilichoshangaza wazungu wao kilikuwa vitanda na vioo, lakini pia maghala: mupunga mwingi, mahindi, kahawa, na bustani zilizopandwa vizuri, matunda kila upande. Wenye muji walikuwa wamekimbia bila kubeba. Jeshi lililokuja kumaliza utawala wa Waarabu lilishiba mupunga uliolimwa na watumwa wa Waarabu.

Sefu alikufa mu vita kabla mwaka ule haujaisha. Ngongo Lutete, kiisha kusaidia kushinda, aliuawa na wazungu wenyewe mu Septemba 1893 kwa mashitaka ya usaliti ambayo wengi waliona hayakuwa na mushingi. Mwanzoni mwa 1894 Rumaliza, mukubwa wa mwisho wa upande ule, alishindwa. Kasongo ya zamani iliachwa na muji ukahama. Mahali pale watu wanapaita Tongoni, maana yake mahali pa magofu.

Muzee wa Zanzibar

Habari za kifo cha mutoto wake na za mali iliyopotea zilimukuta Tippu Tip mu nyumba yake mujini Zanzibar. Hakuwa masikini. Alikuwa na mashamba ya karafuu, na watu walisema watumwa wake walikuwa karibu 10,000. Mu Aprili 1897 sheria ya utumwa ilifutwa mu Unguja na Pemba, chini ya Waingereza. Mutu aliyeanza maisha yake kati ya mikarafuu aliyamaliza kati ya mikarafuu.

Mu uzee ule alifanya kitu ambacho wakubwa wengi wa wakati wake hawakufanya: aliandika maisha yake kwa kiswahili, kwa herufi za kiarabu. Mujerumani mumoja, Heinrich Brode, aliyatia mu herufi za kizungu na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya mutu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa kiswahili. Kitabu kimejaa safari, vita, madeni na pembe. Watu waliomulimia hawana nafasi kubwa ndani yake.

Malaria ilimuua mu Juni 1905. Nyumba yake iko mupaka leo mu Muji Mukongwe wa Zanzibar, na watalii wanapigia mulango wake picha.

Kilichobaki

Wabelgiji hawakuuacha mupunga. Reli kutoka Kindu mupaka Kongolo ilipoanza kazi mwaka 1911, muchele wa kusini ulipata njia ya kufika mutoni na migodini. Mu 1917 sheria ilikuja: kila mwanaume wa kijiji anaweza kulazimishwa kulima kile Serikali inachotaka, mupaka siku 60 kwa mwaka. Mu Maniema kile kilikuwa pamba na mupunga. Asiyelima alifungwa ao alipigwa kiboko. Wajukuu wa wale waliolima kwa lazima ya Waarabu wakalima kwa lazima ya Bula Matari, na bei ilipangwa na munuuzi.

Kiisha 1933, wataalamu wa kituo cha Yangambi, upande wa Kisangani, walianza kuchagua aina za mupunga kwa utaratibu. Walipanda aina nyingi kando kwa kando na kuangalia ni ipi inazaa zaidi, ipi haianguki upepo ukipiga, ipi inavumilia magonjwa ya nchi yenye mvua. Moja, iliyoitwa R66, ilienea sana mu mashamba ya pori. Nyingine, OS6, ilivuka mupaka na kujulikana mupaka Afrika ya Magharibi.

Lakini ukiuchukua mupunga wetu wa Maniema na kuupandisha milima ya Kivu, kule juu ya metre 1,500, utaota, utakuwa na majani mazuri, kisha masuke yatatoka matupu. Si ulozi. Mupunga unapotengeneza maua, usiku ukishuka karibu na digri 15 ao chini, chavua inakufa na punje hazijazi. Kwa hiyo ndugu wa Kivu ya Kusini wanalima mupunga chini, mu bonde la Ruzizi, ambako kuna joto. Burundi na Rwanda, mu mabonde ya juu, wanapanda aina nyingine zilizovumilia baridi, zilizotoka milima ya Yunnan kule China. Mutu wa Walungu ao Lubero anayetumiwa gunia la mbegu na ndugu yake wa Kasongo, hata kwa mapendo, afazali alipike.

Tembo wa Maniema walikwisha karibu wote. Pembe zilizotoka Kasongo ziligeuka vifungo vya piano na mipira ya biliadi mu nyumba za Ulaya na Marekani. Kule Dar es Salaam, Ujiji na Bujumbura kuko mitaa na misikiti inayobeba jina la Wamanyema, wajukuu wa watu waliopelekwa ao waliojipeleka na misafara ile. Na mu mashamba ya Kibombo na Kasongo, musimu wa mavuno ukifika, mama anapita na kisu kidogo, anakata suke moja moja. Yale yenye punje nzito, yaliyoiva pamoja, anayafunga peke yake na kuyatundika juu ya moshi wa jiko. Hayo hayauzwi. Ni ya kupanda mwezi wa tisa.